Mbayuwayu wa Mwezi wa Nane

Ndugu zangu, acheni kusugua viganja kidogo mnisikilize. Baridi naijua. Mimi mwenyewe nimevaa sweta mbili chini ya joho hili, wala sioni aibu kusema.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, katika kijiji cha huku huku kwetu milimani. Jina lake silitaji kwa sababu nawajua. Nikimtaja tu mtaanza kuulizana ni wa ukoo gani, na mfano utaniponyoka. Mwalimu huyo alikuwa na daftari la kawaida la shule, jalada limechakaa, na ndani yake hamkuwa na kitu ila tarehe. Kila mwaka aliandika siku ambayo mbayuwayu wa kwanza alionekana baada ya kipupwe.

Wazee mliopo hapa mnakumbuka siku hiyo ilivyokuwa zamani. Mbayuwayu waliondoka baridi ikianza, na mpaka warudi sisi tulikuwa tumeshakaa miezi tukivuta moshi wa jikoni na kukohoa. Kijijini kwa Mwalimu palikuwa na desturi yake. Aliyemwona mbayuwayu wa kwanza alipita nyumba kwa nyumba akigonga jembe kwa jiwe. Watu wakisikia mlio ule walijua barafu ya alfajiri imekwisha. Mbegu za viazi zilishushwa darini, na wagonjwa walitolewa nje kuota jua. Ilikuwa siku nzuri, jamani, hata kuisimulia kunanipa raha.

Lakini hakuna aliyegonga jembe kabla Mwalimu hajaandika. Zamani mtu mmoja aliona njiwa, akadhani ni mbayuwayu, akaharakisha kugonga jembe, watu wakapanda, barafu ikarudi ikaunguza miche yote, na mwaka ule kijiji kilikaa na njaa. Tangu hapo wakasema, tusubiri daftari.

Na Mwalimu hakwenda kuwatazama ndege hao peke yake. Alikuwa na jirani yake, rafiki tangu ujana wao. Kila mwezi wa tisa ukiingia, walipanda wote wawili mpaka mgongo wa kilima, kila mmoja na viazi vya kuchoma mifukoni mwa koti, vya kula na vya kupashia mikono. Walikaa juu ya jiwe wakatazama bonde. Macho yalikuwa ya jirani. Mwalimu hata ng'ombe wa mbali alimdhania kichaka. Jirani alisema taratibu, yule pale, na Mwalimu alilamba ncha ya penseli akaandika. Kisha walishuka wakitaniana, kila mmoja akidai ndiye aliyewaleta ndege. Walifanya hivyo miaka ishirini na miwili. Ungemuuliza Mwalimu maisha yake yalikuwa na raha gani, asingekutajia shule wala cheo. Angekutajia lile jiwe.

Basi mwaka mmoja, mwezi wa nane ukiwa mchanga kabisa, ikavuma habari kwamba jirani amemwona mbayuwayu. Mke wa jirani alikuwa mgonjwa mwaka huo, na akina mama waliompelekea uji ndio waliorudi na habari hiyo. Siku ya nne Mwalimu akasikia kwamba nyumba mbili zimeshashusha mbegu. Akatoka nje, akakanyaga majani, majani yakavunjika chini ya viatu kwa barafu. Hasira zikampanda. Hivi ni nani asiyejua kwamba mbayuwayu hawaji kabla ya mwezi wa tisa? Na kwa nini rafiki yake hakumwambia yeye kwanza?

Akaenda moja kwa moja kwa jirani. Yule mama mgonjwa alikuwa ametolewa nje, ameegemezwa ukutani juani, amefunikwa mablanketi mawili. Akina mama watatu walikuwa wamekaa naye. Mwalimu hakupiga hodi, wala hakungoja kukaribishwa. Akasema kwa ile sauti yake ya darasani, "Mbayuwayu haji na barafu. Huyu amewadanganya. Nendeni mkarudishe mbegu zenu darini."

Jirani akainama, akamfunika mkewe vizuri. Mbegu zikarudishwa. Barafu ikaanguka wiki tatu zaidi, na kwa sababu ya Mwalimu hakuna aliyepoteza hata kiazi kimoja.

Sasa niwaulize, Mwalimu alikosea? Naona vichwa vinatikisika. Hata mimi ningetikisa.

Yule mama alifariki kabla mwezi huo haujaisha. Mwalimu alikwenda msibani, akashika sepetu na wenzake kaburini, akafanya yote yanayompasa jirani mwema. Lakini mwezi wa tisa ulipoingia, rafiki yake hakutokea kupanda kilima. Wala mwaka uliofuata. Mwalimu akajisemea kwamba mtu aliyeumbuliwa huona haya, mwache, zikimtoka atakuja. Miaka sita ikapita. Walisalimiana njiani, hujambo sijambo, kila mtu na njia yake. Mwalimu aliendelea kupanda peke yake, akakaa kwenye lile jiwe akikodoa macho asione kitu, akawa anaandika tarehe yake wiki nzima baada ya watu wote kuwaona ndege. Alimkumbuka mwenzake mpaka ikamuuma. Lakini alikuwa na haki, na mtu mwenye haki hawezi kuanza yeye, au sivyo?

Mwaka wa saba, asubuhi moja ya mwezi wa nane, Mwalimu alikuwa anafungua mbuzi. Barafu ilikuwa bado nyeupe kwenye majani. Ghafla ndege akapita chini chini juu ya paa, mweusi anayeng'aa kwa rangi ya bluu, mkia mrefu uliogawanyika. Akazunguka mara mbili, akapita karibu hata macho ya Mwalimu hayakuweza kukosea. Alikuwa mbayuwayu.

Mwalimu akasimama na kamba mkononi. Kumbe inawezekana, akawaza. Kumbe rafiki yangu alisema kweli, nami nikamwita mwongo mbele ya mkewe anayekufa. Hakuna mwingine aliyemwona ndege yule. Angeweza kunyamaza, na siri ingekufa naye. Hakunyamaza. Alichukua daftari lake akaenda, na msiuone mwendo ule kuwa mdogo. Wangapi kati yetu tungeuweza?

Alimkuta jirani amekaa kwenye kigoda anachambua mbegu za viazi. Safari hii alipiga hodi. Akasema, "Leo nimemwona mbayuwayu, na barafu haijayeyuka. Ulisema kweli mwaka ule. Mimi ndiye niliyekosa. Niwie radhi, ndugu yangu."

Jirani akaweka kiazi chini.

"Mwalimu," akasema, "mwaka ule sikuona ndege yeyote. Wewe ulikuwa sahihi. Mwenzangu alikuwa ananiuliza kila asubuhi kama wamefika, na mimi nilijua kwamba mwezi wa tisa hataufikia. Nikamwambia wamefika. Nilimwomba asimwambie mtu, akashindwa, alifurahi mno. Siku tatu alikunywa uji wake akamaliza. Siku ya nne ukaja wewe."

Mwalimu akauliza kwa nini hakuambiwa. Angeambiwa, angepita nyumba kwa nyumba kimya kimya kuzuia mbegu, na yule mama asingejua kitu.

Jirani akamjibu, "Ningekuambia, kama ungeniuliza. Hukuuliza. Ulikuja umeshajua."

Ndugu zangu, tumtazame mtu huyu hapo alipo. Amebeba toba miaka saba baadaye, na toba yenyewe ni ya kosa ambalo hakulifanya. Lile alilolifanya hakulijua mpaka dakika hiyo. Juu ya ndege alikuwa sahihi kabisa, na kwa usahihi wake alimnyang'anya mwanamke uji wake wa mwisho.

Sijasimama hapa kubariki uongo. Jirani naye ana hesabu yake kwa Mungu, na mbegu za watu zingeungua kweli. Ukweli ulipaswa kusemwa. Lakini pale mlangoni palikuwa na nafasi ya kupiga hodi, kukaa, kumvuta mwenzako pembeni na kumuuliza, ndugu yangu, kuna nini? Mwalimu hakuwa na haja ya kubadili ukweli aliousema, ila alikuwa na haja ya kuuliza kwanza.

Najua mnataka kusikia kama alisamehewa. Siwaambii. Tuyaache ya kwao tushike ya kwetu, kwa sababu sisi dhambi zetu tunazijua na tunazitubu kila Jumapili. Zinazotushinda ni zile siku tulizokuwa na haki. Kaka uliyemsahihisha mbele ya watoto wake. Mkweo. Dada wa kwaya aliyeacha kuja, na sisi tukasema amesusa kwa sababu aliambiwa ukweli. Tulishinda, tukarudi nyumbani tukalala usingizi mzuri, na mpaka leo hatujui ni kitu gani tulichokivunja mle ndani.

Nikishatoa baraka, usikimbilie kwenye chai. Nenda kwa mtu ambaye unajua kabisa kwamba ulikuwa sahihi juu yake. Usiende kueleza kitu. Piga hodi, ukae, umuulize.