Aliyeitika kwa Jina la Senefa

Mtu mmoja wa Misri ya kale alikuwa na jina kubwa na mikono laini. Jina lenyewe ni Senefa. Mashamba yake yaliufuata Mto Naili mpaka macho yachoke, na kaburi lake, alilolichimbisha mwambani akiwa bado mzima wa afya, lilikuwa zuri kuliko nyumba za wote waliolichimba.

Watu wa nchi ile waliamini kwamba hata baada ya kufa kuna kulima. Huko ng'ambo kuna mashamba na mifereji, na jina la mtu likiitwa kazini, lazima aitike. Kwa hiyo wenye uwezo walizikwa na vinyago vidogo vya rangi ya buluu, kila kimoja kimeshika jembe, ili bwana akiitwa, kinyago kiseme badala yake, "Niko hapa." Senefa aliagiza vyake mapema. Akavipanga sandukuni, akavitazama, akafurahi. Halafu likamjia wazo: kama udongo unaweza kuniitikia nikiwa maiti, kwa nini mtu mwenye pumzi asiniitikie ningali hai?

Maana kila mwaka kabla ya mafuriko, mnadi wa gavana alipita kuwaita watu kwenye tuta, lile boma refu la udongo lililouzuia mto usiimeze miji. Kila mwenye shamba aliitwa kwa jina lake, mwenye kingi na mwenye kidogo. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria, na ilikuwa sheria nzuri. Sasa Senefa alikuwa na mtumishi aitwaye Ipui, mtu asiye na shamba, mwenye mke, binti aitwaye Heni, na kibanda bondeni. Akamwambia, "Nenda tutani. Wakiita Senefa, itika." Eti hilo tu. Hakumpiga wala hakumtukana. Aliazima mdomo; mgongo ulikuja kama nyongeza.

Ipui akaitika. Mwaka ule, na uliofuata, na mingine. Wenzake tutani walitoka miji ya mbali na hawakuwahi kumwona tajiri. Kwao Senefa ni huyu huyu mwenye kovu la jembe mguuni na kikapu cha udongo kichwani, na walimtania wee. "Senefa, umeoga lini?" "Bwana Senefa, tajiri gani wewe huna hata kitunguu?" Alicheka nao. Nyumbani hakucheka. Kwa maana watu wale waliamini jambo jingine pia: kwamba jina ni kiungo cha mtu kama moyo ulivyo kiungo, na asiyetajwa na yeyote hufa mara ya pili, na kifo hicho hakina kaburi. Siku moja mkewe, Tui, alimuuliza huku akimkanda mgongo, "Baba Heni, huko ng'ambo watakuita nani? Kwenye kazi yako hakuna mtu anayemjua Ipui." Ipui alikuwa akilijenga tuta kwa mikono yake mwenyewe, na kila kikapu alichomwaga kilimfukia yeye.

Ukaja mwaka wa maji makubwa. Tuta likapasuka pale lilipopinda, na maji yakaanza kupenya. Watu wakakimbia, na nani angewalaumu? Ipui hakukimbia, kwa sababu kibanda chake kilikuwa bondeni na binti yake alikuwa ndani. Alijibana ubavu kwenye ufa, akapaza sauti yaletwe mafunjo na udongo, na wale waliokimbia walipogeuka wakaona mtu mmoja amekuwa sehemu ya ukuta, walirudi kwa haya. Tuta likasimama. Maji yaliposhuka, kando ya tuta ikaonekana ardhi mpya, nyeusi, iliyonona, isiyo ya mtu. Gavana akatoa neno kwamba ardhi ile apewe aliyeliokoa tuta. Wakaulizwa ni nani huyo. Wote wakasema ni Senefa.

Senefa akasikia. Akaoga, akajipaka mafuta, akavaa kitani cheupe, akaja amebebwa kitini. Ipui alikuwa ameamriwa abaki nyumbani. Tui ndiye aliyemwekea makubazi miguuni akamwambia aende, na yeye akafuata nyuma. Mjumbe wa gavana akasimama juu ya tuta akaita, "Senefa!" Na kwa mara ya kwanza maishani mwake, tajiri yule akaitika mwenyewe: "Niko hapa!"

Watu wakaangua kicheko. "Mzee, sogea pembeni, utachafua nguo." "Senefa sisi tunamjua bwana, tumekula naye!" Wakamsukuma Ipui mbele. Tajiri akaliona shamba linamponyoka, na kibaya zaidi, akaona kwamba katika umati wote ule hakuna wa kumshuhudia isipokuwa yule yule aliyemtuma. Akamgeukia akifoka, "Waambie mimi ni nani!"

Tazameni mahali alipofikishwa Ipui. Akinyamaza, shamba ni lake, lakini atakuwa Senefa mpaka afe, na yule mtoto ambaye mama yake alimwita Ipui atakuwa kama hakuzaliwa. Akisema, mwenye jina atatwaa kila kitu kama alivyozoea kutwaa. Ipui akapanda juu ya tuta ili asikike vizuri.

"Ni kweli, Senefa ni huyu," akasema. "Mimi ni Ipui. Na Senefa hajawahi kukanyaga hapa mpaka leo."

Mjumbe akaitazama miguu ya tajiri, akaitazama miguu ya Ipui, wala hakuhitaji kuuliza zaidi. Akatamka kwamba Senefa amerudishiwa jina lake lote, halikupungua hata kidogo, na anaweza kwenda nalo nyumbani. Kisha akaita, "Ipui!" Mwenyewe akabaki ameduwaa. Hakuzoea kuitwa hivyo mbele za watu. Tui akampiga kofi begani, "Baba Heni, si wewe unaitwa?" Hapo ndipo alipoitika, na wale watu wa miji ya mbali wakalidaka jina wakawa wanalirudia, Ipui, Ipui, wakijifunza kulitamka, wengine wakilalamika kwamba wamemtania kwa kitunguu mtu asiye na hatia miaka yote hiyo.

Basi ninyi mnaowatuma wengine topeni, kisha mkaja wenyewe kuitika siku ya kugawiwa, niambieni: waliowabebea majina yenu wakiamua kuwarudishia, mtabaki na nini kingine cha kuonyesha?