Mkono wa Vanishi

Mkakasi ni kijaluba cha mti kilichorembwa kwa rangi. Ukikiona utakipenda, lakini kitie maji uone! Wahenga walipokitungia methali hawakuwa na ugomvi na vijaluba. Waliwalenga watu wanaopenda kung'arisha kuliko kutengeneza, na katika karakana moja ya mbao mtu wa namna hiyo alikuwa kaka mtu.

Fundi hasa alikuwa dada yake. Askari mmoja wa wanyamapori alimletea kitako cha bunduki yake, mti mtupu, chuma kikiwa kimebaki kituoni.

"Fundi, kazi yangu ni ya mvuani," alisema. "Kisiniteleze mkononi."

Fundi akachagua mafuta ya kitani, yanayozama ndani ya mti bila kuuacha ukiteleza. Alikipiga msasa, akakifuta kwa kitambaa chenye maji ili nyuzi za mti zisimame, akapiga msasa tena. Kisha akapaka mafuta kidogo kidogo, akisugua kwa kiganja hadi mti ukapata joto na kuyanywa. Alimwambia afande kazi itachukua wiki mbili, naye akaridhia.

Kaka mtu ndiye aliyekereka. "Wiki mbili kwa kipande cha mti? Na hata hakiwaki! Afande atadhani tumekifutia mikono baada ya kula."

"Kaka, tafadhali, usikiguse."

Siku ya nne fundi alikwenda kununua msasa. Aliporudi, kitako hakipo. Kaka mtu alikuwa amekipaka vanishi ya spiriti, ile inayokauka kabla hujamaliza chai, akampigia afande simu, naye akaja akakichukua. Damu ilimchemka fundi. Alimpigia afande amwonye, lakini simu haikupatikana, alikwishaingia porini.

Baada ya siku tisa afande alirudi, mkono mmoja umefungwa bandeji.

"Mvua ilinyesha, vanishi ikawa nyeupe, ikabanduka kwa utelezi," alisema. "Nyati akaja, nikainua bunduki, ikanichoropoka. Bila mwenzangu ningekuwa marehemu."

Kaka mtu alikuwa mwepesi wa kujibu. "Msamehe dada yangu, afande. Bado anajifunza."

Hapo uvumilivu ukamwisha fundi. "Ninajifunza? Miaka kumi na miwili! Nilikuambia usikiguse, ukakipaka, na sasa mtu nusura afe unanitupia mimi? Heshima ya ukubwa nimekupa, Kaka. Hili la kunisingizia siwezi kulimeza!"

Afande alimgeukia kaka mtu kwa macho makavu. "Siku ile ulinikabidhi ukitamba, 'Huu ni mkono wangu mwenyewe.' Leo mkono umekuwa wa dada?"

Kaka mtu akababaika, "Lakini si kiling'aa, afande?"

"Kiling'aa sana." Afande akampa fundi kitako. "Kikwangue chote, uanze upya. Wiki mbili nitangoja. Na huyu asikisogelee."

Fundi alianza kukwangua palepale, na kaka mtu akabaki kutazama vanishi yake ikianguka sakafuni. Kweli, uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.