Sala Ndefu ya Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu walioshiba. Mwenye njaa huitikia haraka, hadithi iishe aende jikoni. Hebu tena. Paukwa!

Pakawa!

Sasa mmeamka. Zamani zile za kale, wanyama walipokuwa wakienda shule, na mimi nilipokuwa bado na meno ya kutafunia muwa, palikuwa na shule ya Kilutheri juu ya mwamba. Msiniulize mwamba gani. Nikianza kuwaeleza njia mtapotea, maana mimi mwenyewe nikienda dukani hurudi nimepotea.

Kengele ya shule ilikuwa kipande cha chuma kilichoning'inizwa mtini. Ng'eng'! Wanafunzi wanaamka. Ng'eng'! Wanaimba tenzi. Ng'eng'! Wanakunywa uji. Mwalimu Mkuu alikuwa Korongo, mrefu, mwembamba, amesimama kwa mguu mmoja. Ndiye aliyefundisha, ndiye aliyehubiri, na ndiye aliyepima chumvi ya kwenye uji.

Shule hiyo ilikuwa na kiranja wa sala. Jina lake Pimbi.

Pimbi mnamjua. Mfupi. Mnene kidogo. Mkia hana. Lakini sauti anayo, tena si ya mchezo. Mwenyewe alikuwa akisema, "Mungu aliponinyima mkia aliniongezea koo." Akisema hivyo hucheka peke yake, wenzake wanamngoja amalize.

Kazi ya Pimbi ilikuwa kubariki uji. Alivaa kitambaa cheupe shingoni, alama ya ukiranja wake, na kitambaa hicho alikifua kila siku, akakianika juani, akakaa karibu yake kisipeperushwe. Wanafunzi wakishakaa na mabakuli yao, Pimbi aliita, "Mikono pamoja!" Wakaitikia, "Pamoja!" Akaita, "Macho fumba!" Wakaitikia, "Tumefumba!" Hapo sala ikaanza.

"Ee Bwana, bariki uji huu. Mbariki aliyelima mtama. Mbariki aliyeupepeta. Mbariki aliyeusaga. Mbariki aliyeukoroga. Ubariki na mwiko. Ibariki na sufuria. Yabariki na mafiga yaliyoibeba sufuria..."

Ilikuwa sala ndefu. Uji ulipoa, ukaganda, ukaota ngozi juu. Lakini Pimbi alisifiwa. Walisema akisali hafumbui jicho hata nzi akimtua puani. Pimbi aliposikia sifa hizo akazidi kurefusha. Alibariki hata kuni zilizokuwa bado msituni.

Sasa hapo ndipo palipoingia Ngiri.

Ngiri alikuwa mwanafunzi mkubwa, meno yamejipinda nje ya mdomo, huku na huku. Alikaa karibu na Digidigi. Digidigi alikuwa mgeni, ametoka mbali, mdogo, miguu kama vijiti vya kuchokolea masikio. Pimbi akianza kubariki mtama, Ngiri anainama. Pimbi akifika kwenye mwiko, sauti inasikika chini chini. Fyoo. Fyoo. Fyoooo. Pimbi akisema Amina, bakuli la Digidigi tupu.

"Uji wangu umekwisha," Digidigi akasema siku ya kwanza.

"Umeunywa ukasahau," Ngiri akajibu, huku akijilamba.

Wanafunzi wakatazama mabakuli yao. Nani angesema ameona, na sote tunajua wakati wa sala macho yanafumbwa? Ngiri naye akavuta bakuli lake mwenyewe, lililojaa pomoni, akalinywa pole pole baada ya Amina, kama mcha Mungu.

Siku ya pili, fyoo. Siku ya tatu, fyoo.

Siku moja nzi akamtua Pimbi puani. Nzi wa kweli, si wa kwenye sifa. Akamtekenya. Pimbi akajikaza. Nzi akatembea mpaka kwenye jicho. Jicho likafumbuka lenyewe.

Akaona. Pua ya Ngiri imezama katika bakuli la Digidigi, na Digidigi macho amefumba, mikono pamoja, anasali. Ngiri naye akamwona Pimbi. Mnadhani aliacha? Hakuacha. Alimkonyeza.

Pimbi akafumba jicho upesi. Mwenye mkia angeufyata, yeye hana, akafyata masikio. Na sala akairefusha. Akabariki kunguru. Akabariki minyoo ya shambani. Alijua akisema Amina atalazimika kutazama, na kutazama hakutaka.

Baada ya uji Ngiri akamfuata nyuma ya jiko.

"Kiranja. Leo ulifumbua jicho wakati wa sala."

Pimbi akashika kitambaa chake. "Sikufumbua."

"Vizuri," Ngiri akasema. "Basi hukuona kitu."

Akaondoka zake, kwato zinagonga mwamba, ko, ko, ko. Pimbi akabaki palepale anajisemea: nimemjibu vizuri kweli, sikutetemeka. Alikuwa anatetemeka mpaka kitambaa kinapepea, na upepo haukuwapo.

Basi ikawa hivyo. Pimbi anasali, Ngiri anakunywa, Digidigi anakonda. Pimbi alijua, na kwa kuwa alijua, sala ikazidi kuwa tamu. Alimwombea Digidigi kwa sauti, kila asubuhi, kwa jina. "Mkumbuke mdogo wetu, umpe nguvu." Fyoo. "Umnenepeshe." Fyoooo.

Jumamosi ilikuwa siku ya diakonia. Siku hiyo wanafunzi waliteremka bondeni kuwatumikia wazee wa usharika. Wengine walikata kuni, wengine walifagia, wengine walichota maji. Pimbi na Digidigi walipangiwa Bibi Kakakuona, mjane aliyeishi shimoni mwake peke yake. Ngiri naye alipangiwa huko, lakini kibuyu chake cha maji alimtwika Digidigi, akaenda kulala kivulini. Pimbi aliona. Akaanza kuimba tenzi kwa sauti ili asionekane ameona.

Wakafika. Digidigi ana kibuyu kichwani, ana kibuyu mgongoni. Miguu ikacheza. Pu! Akaanguka chini, vibuyu vikapasuka, maji yakamwagika yote. Bibi Kakakuona kusikia kishindo akajikunja, akawa mviringo wa magamba mlangoni.

"Ni sisi, Bibi," Pimbi akasema. "Wa diakonia."

Bibi akajikunjua taratibu. Akamtazama Digidigi aliyelala chini, mbavu zinahesabika.

"Mjukuu wangu, hiyo shule yenu haina chakula?"

"Kipo, Bibi. Shikamoo," Digidigi akasema, akijaribu kuinuka.

"Marahaba. Kipo, mbona wewe hukipati?"

Digidigi akasema, kwa sauti ndogo, "Kesho nikitoka ibadani narudi kwetu. Mkeka nimeshaukunja. Huku najifunza njaa tu, na njaa hata nyumbani ningejifunza."

Pimbi akaokota vigae vya vibuyu, akiwaza. Mtoto ametembea siku nyingi kuja kusoma, na sasa anarudi hajui hata kuandika jina lake, kwa sababu ya uji. Bibi akampa Digidigi kipande cha kiazi, akamwambia akae kivulini ale. Halafu akamgeukia Pimbi.

"Wewe mwenye kitambaa. Unajua anayemfanyia hivi?"

"Tunamwombea, Bibi. Mimi mwenyewe namwombea kwa jina."

"Sikukuuliza hilo."

Pimbi akatazama chini.

Bibi Kakakuona akacheka, kicheko cha kikohozi. "Usione haya, mwanangu. Mimi ndiye bingwa. Nikiogopa najikunja. Jirani akipigwa, najikunja. Mtoto akilia, najikunja. Nimejikunja tangu usichana wangu. Na unajua huko ndani nimeona nini miaka yote? Kitovu changu. Ndicho pekee ninachokijua vizuri duniani. Watu wakiniuliza habari za kijiji nawasimulia kitovu."

Pimbi alitaka kucheka, akashindwa. Alipanda mlima kimya, hata tenzi hakuimba.

Njiani alijipanga. Kesho nitasimama, akasema. Nitanguruma. Nitamwambia Ngiri, ewe mwovu. Akapita kwenye dimbwi, akajitazama anavyonguruma. Majini akaona kitu kifupi, kinene, mdomo wazi, kama kiatu kilichoachama. Akaona kweli hapa simba hatapatikana. Itabidi aende Pimbi huyuhuyu.

Jumapili ikafika. Wakaimba, wakahubiriwa, wakatoka. Ng'eng'! Uji. Digidigi akakaa mahali pake, mkeka umekunjwa, umefungwa kamba, uko ubavuni. Alikuwa anangoja Amina aondoke. Ngiri akakaa mahali pake, anajifuta pua kwa kujiandaa.

"Mikono pamoja!"

"Pamoja!"

"Macho fumba!"

"Tumefumba!"

Pimbi akafumba. "Ee Bwana, bariki uji huu. Mbariki aliyelima mtama. Mbariki aliyeupepeta..."

Fyoo.

Sauti ikamkauka. Wanafunzi wakangoja. Fyoo, ikasikika tena, na safari hii wote waliisikia vizuri, maana hapakuwa na sala ya kuifunika.

"Ee Bwana," Pimbi akasema, na sauti ilikuwa nyembamba mpaka akajishangaa. "Mimi kiranja wako huwa nachungulia. Nilichungulia, nikaona bakuli la Digidigi linanywewa na Ngiri. Nikafumba tena. Nikakuomba wewe umnenepeshe, na mimi ndiye nilikuwa namkondesha kwa sala ndefu. Leo naomba tusali macho wazi."

Akafumbua macho.

Akakuta wenzake wote macho yako wazi. Na hawakuwa wameyafumbua wakati ule. Hakuna aliyekuwa amefumba tangu mwanzo. Katika shule nzima aliyefumba macho kweli ni Digidigi, na Mwalimu Korongo, lakini Mwalimu alikuwa amelala.

Ngiri akainuka, uji unamdondoka kidevuni. Ko, ko, ko, akaja mpaka mbele ya Pimbi. Meno yale yakawa karibu na kitambaa cheupe.

"Umesema umeniona?"

Masikio ya Pimbi yakajifyata yenyewe. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka, na mdomo wa Pimbi ukifunguka mnajua haufungiki upesi.

"Nimekuona. Na juzi nilikuona. Ulinikonyeza."

"Hata mimi nimekuona," akasema Kanga, akaja akasimama karibu na Pimbi, ingawa alijificha nusu nyuma yake.

"Na mimi," akasema Komba. "Macho yangu yote haya, ningeyafumbia wapi?"

Na mimi. Na mimi. Na mimi. Wakainuka mmoja mmoja, wakaja, wakajaa pale, wadogo wote wa shule. Ngiri akarudi nyuma hatua moja. Akawatazama. Kisha akauliza, na hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Mlikuwa mnaniona siku zote?"

"Siku zote," wakasema.

"Mbona hamkusema?"

Pimbi akasema, "Tulikuwa tunasali." Akajisikia alivyosema. Uso ukamwaka kwa aibu.

"Amina," akasema Mwalimu Korongo, akizinduka, akabadilisha mguu. Akatazama bakuli tupu la Digidigi. Akatazama mkeka uliofungwa kamba. Akatazama pua ya Ngiri. Hakuhitaji kusimuliwa.

Pimbi akavua kitambaa chake. "Mwalimu, kiranja wa sala huchungulia. Pokea."

"Mfutie Ngiri pua kwanza," Mwalimu akasema. "Na mimi nitafute wa kunifuta usingizi. Wanafunzi wangu wanalia njaa mbele yangu, nami nimesimama kama mti."

Pimbi akamfuta Ngiri pua. Kitambaa kile cheupe, cha kufuliwa kila siku, kikawa rangi ya mtama. Ngiri akatulia tuli, kichwa chini. Kisha akaenda mahali pake, akalisukuma bakuli lake lililojaa mpaka mbele ya Digidigi. Digidigi akalitazama bakuli. Akautazama mkeka. Akanywa. Fyoo. Fyoo. Akanywa mpaka mwisho, wote wanamtazama, na hakuna aliyegusa uji wake mpaka alipomaliza.

Tangu siku hiyo shule ile ikawa na desturi yake. Wakati wa sala kila mmoja hushika bakuli la jirani yake, kwa mikono miwili, mpaka Amina. Bakuli la Digidigi alilishika Ngiri. Siku za mwanzo mikono ilimtetemeka kwa uchu, na Digidigi alichungulia kidogo, nani angemlaumu? Baadaye akaacha kuchungulia. Vibuyu vya Bibi Kakakuona Ngiri alivibeba viwili viwili, na Bibi alipomwona anakuja hakujikunja. Alijikunja kidogo tu, kwa mazoea.

Mkeka wa Digidigi ulifunguliwa kamba jioni ileile. Na Pimbi alirudishiwa kitambaa, kikiwa na doa ambalo halikutoka, na hakujaribu tena kulitoa. Sala yake ikawa fupi. Akisali macho wazi anauona uji unavyopoa.

Basi wanangu, na ninyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia: anayemwombea mnyonge huku amemfumbia macho mwonevu, anamsaidia mwonevu. Mkiona, semeni, hata kama sauti itatoka nyembamba. Wenzenu nao wameona, wanangoja mmoja aanze.

Hadithi yangu inakomea hapa, sufuria imeshaita. Aliye karibu nami anishikie bakuli, na macho yake yawe wazi, maana mimi pia najijua.