Usingizi wa Kiwanda cha Isangati

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, ya watu walio hai hadi leo, kulikuwa na kiwanda cha chai huko milimani, mahali ambapo ukungu hushuka alfajiri na kusahau kuondoka. Kiwanda kiliitwa Isangati. Na ndani ya kiwanda hicho watu walikuwa wakisinzia.

Haukuwa usingizi wa uvivu. Wanawake wa chumba cha kuchambulia chai walisimama mezani, vidole vikitembea juu ya majani makavu, macho wazi, nao wako mbali. Walitabasamu. Waliimba polepole, neno likivutwa na kuvutwa hadi likapotea katikati. Jioni walirudi nyumbani vichwa vikiwagonga, na kesho yake walikuja tena. Meneja alisema ni uzembe. Wengine walisema ni ukungu wenyewe, umewaingia vichwani.

Meneja akaandika barua chuo kikuu, idara ya uhandisi wa viwanda: nileteeni watu waniambie kwa nini kazi haiendi. Idara ile ilikuwa na njia tatu za kusoma baada ya shahada ya kwanza. Mkuu wa idara, Profesa Kissa Mwaisumo, akamtuma mtu mmoja kutoka kila njia.

Kutoka stashahada ya uzamili, masomo ya mwaka mmoja kwa watu wenye kazi zao, alikwenda Subilaga, mama wa makamo aliyewahi kusimamia kiwanda cha sabuni. Kutoka uzamili wa utafiti alikwenda Ambakisye, kijana mpole, daftari kwapani. Kutoka uzamili wa darasani, ule wa mitihani mitupu, alikwenda Lwitiko, ambaye hakuweza kukaa kitako hata dakika tano.

Subilaga alivaa aproni akasimama mezani na wanawake, kando ya mchambuzi mmoja aliyeitwa Tulinagwe. Ambakisye alikaa kwenye kiti pembeni mwa mlango, kila saa akiandika: nani amesinzia, meza ipi, madirisha yakoje. Lwitiko alizunguka na mafundi, akigusa mashine, akifungua na kufunga.

Siku zikapita kama maji chini ya majani. Usingizi ukampata Subilaga naye. Sakafu ilikuwa laini chini ya miguu yake, taa zilikuwa na duara la dhahabu, na sauti za wenzake zilimjia kama kutoka ng'ambo ya bonde. Alipotoka nje kula, yote yakayeyuka, akabaki na kichwa kizito. Akamwambia Lwitiko, "Mdogo wangu, mle ndani kuna kitu."

Lwitiko akacheka. "Dada, lala mapema tu."

Juma lililofuata ukungu ulishuka mzito kuliko siku zote. Meneja, kwa kuhofia chai kupata unyevu, akaamuru madirisha yote yafungwe. Ilipofika saa nne asubuhi wimbo ukakatika. Mwanamke mmoja akaketi sakafuni taratibu, kama anayeketi mkekani kwake. Wa pili akafuata. Wa tatu. Subilaga akatambaa hadi mlangoni, akaita kwa sauti yote aliyobakiwa nayo, "Si uchovu! Ni hewa! Hewa ya humu inatuua!" Kisha akageuka akarudi ndani, akamshika Tulinagwe mikono, akaanza kumburuta.

Lwitiko akaja mbio. "Inatoka wapi?"

Ambakisye hakuhitaji hata kufungua daftari. "Bomba la tanuri, nyuma ya meza ya tatu! Wote huanzia pale!"

Lwitiko akavunja madirisha kwa spana, akakimbia akazima tanuri la kukaushia chai, akarudi, akabeba mtu, akarudi, akabeba mtu. Wanawake kumi na saba wakalazwa kwenye nyasi zenye umande, nyuso zao zimetulia kama za watoto. Mmoja baada ya mwingine wakakohoa, wakafumbua macho. Hakufa hata mmoja. Nyuma ya meza ya tatu bomba lilikutwa na ufa, na moshi wa sumu ulikuwa ukivuja humo, harufu yake imezama ndani ya harufu ya chai.

Habari ikafika chuoni. Chuo kikatoa nafasi moja ya masomo ya uzamivu, moja tu, kwa mtu atakayesomea usalama wa viwanda vyote vya milimani. Wote watatu wakaiomba. Profesa Kissa akawaita.

Ambakisye akasema, "Bila hesabu yangu, Lwitiko angetafuta bomba hadi watu wafe. Lakini sitawaficha, Profesa. Meza ya tatu niliijua siku kumi na moja kabla. Nilitaka siku za hesabu zitimie thelathini, ili nisikosee."

Lwitiko akasema, "Ni mikono hii iliyowatoa. Kujua bila kutenda kungewasaidia nini wale mama?" Kisha akainamisha kichwa. "Ila dada aliniambia, nami nikamcheka."

Subilaga akasema, "Mimi niliivuta hewa ile pamoja nao. Mimi ndiye niliyeita, na nikarudi ndani. Lakini usingizi ule, Profesa, ulikuwa mtamu. Niliuonja siku nne kabla ya kumwambia mtu yeyote, kwa sababu sikutaka uishe."

Profesa akampigia simu Tulinagwe, amuulize yeye aliyeokolewa.

"Ndaga, Profesa, asante kwa kuniuliza," Tulinagwe alijibu. "Mimi nilikuwa kisimani kwa mama yangu, marehemu. Maji meupe, mama ananichotea. Nikasikia sauti ya mwanamke inaniita, nikageuka. Nikasikia mwanamume anapiga kelele za meza na bomba, nikaweka ndoo chini. Halafu kikapasuka kioo, upepo ukanipiga usoni, mama akaniambia nenda. Sasa ipi kati ya hizo ndiyo iliyonirudisha, mwanangu, mimi sijui."

Profesa Kissa akakata simu, akavuta fomu. Ilikuwa na mstari mmoja wa jina, na ilitakiwa kupelekwa mchana ule ule. Watatu wakamtazama. Kalamu yake ikagusa karatasi.

Haya, ninyi mlionisikiliza hadi hapa, kalamu hiyo ingekuwa mkononi mwenu: je, mngeandika jina la nani?