Kupe Aliyemfundisha Farasi Kukata Kona

Nije nisije?
Njoo!
Nije na ukweli?
Baki nao, tuletee uongo!

Haya. Hapo kale palikuwa na Kupe, mdogo kama mbegu ya papai. Kwake ni mgongoni kwa Farasi. Hapo alikula, hapo alilala, na kuhama hakutaka.

Farasi alikuwa na mbio, ila alikuwa na aibu yake. Akikata kona ya kulia, anapita vizuri. Akikata kona ya kushoto, pu! yuko chini. Kupe alijua sababu, maana walikuwa wakianguka pamoja. Ukikata kushoto, mguu wa mbele wa kushoto ndio utangulie. Farasi alitanguliza wa kulia, miguu ikapigana ngwala.

Fisi naye aliliona hilo. Fisi yule alikuwa na nguvu za kuvunja mifupa na tamaa ya kumeza chungu na mfuniko wake. Akamwambia Farasi azunguke kichuguu mara tatu, kwa kukata kushoto. Asipoanguka, Fisi atalihama bonde. Akianguka, ataliwa. Farasi kwa kupenda sifa akakubali papo hapo. Kupe akaona nyumba yake inakwenda jikoni, akaogopa kwelikweli.

Akapanda hadi sikioni, akamnong'oneza habari za mguu wa kushoto.

"Wewe una miguu minane na hujawahi kukimbia," Farasi akamjibu. "Utanifundisha nini?"

Siku ilipofika, Fisi alikuja na chungu, vitunguu na shemeji zake wanne. Akasimama kando ya njia, kuelekeana na kichuguu, mate yakimtoka. Kupe akashuka taratibu hadi ubavu wa kulia, nyuma kidogo.

Farasi akaondoka, kwata kwata kwata. Kupe akauma, nya! Farasi akajirusha kwa mguu wa nyuma wa kulia, wa mbele wa kushoto ukatangulia, kona ikapita.

Kwata kwata kwata. Kupe akauma, nya! Kona ikapita.

Mara ya tatu Fisi hakuweza kungoja. Akaruka pale Farasi alipotakiwa kuanguka, mdomo wazi. Kupe akauma, nya! Kona ikapita, na Fisi akang'ata kichuguu, gwagu! Mchwa wakamjaa mdomoni hadi puani. Akatimua mbio na shemeji zake, vitunguu vikabaki.

Farasi akaanza kuwasimulia pundamilia jinsi miguu yake ilivyo ya ajabu. Yangeyange, ndege mla kupe, akatua mgongoni akauliza kama amtoe yule mdudu.

"Nitolewe tu," Kupe akasema. "Lakini njia ya mtoni inakata kushoto."

Farasi akafikiri. Akamwambia Yangeyange arudi mwaka kesho.

Ngano yangu nimeitua hapa, mwenye kichwa kigumu aibebe. Na funzo lake, wanangu, ni hili: mtendee mwenzako wema bila kutaka malipo, kama Kupe, ambaye hakudai chochote ila damu kidogo, asubuhi na jioni.