Breki ya Marehemu Senkoro

Wewe unayebetua midomo, acha. Hujawahi kusikia kwamba mafuta ya breki hunywa ukungu? Sawa, lakini kutosikia kwako si ushahidi. Kaa kitako.

Huko milima ya Upare, Nakundwa alifiwa na mumewe, Senkoro, akaachiwa pikipiki kuukuu na wosia mmoja: "Apewe mtoto atakayeirudishia breki. Kukimbia, hata jiwe hukimbia mteremkoni." Watoto walikuwa watatu: Namsi mwenye jicho kali, Kangero mwenye subira, na Mrindoko mwenye mkono usiotetereka. Breki ya mbele ilishika vizuri asubuhi, lakini katikati ya mteremko ilipata moto, ikabonyea kama ndizi iliyooza.

Namsi akafungua kikopo cha mafuta ya breki kwenye usukani. Meusi kama kahawa.

"Mama, haya yameingia maji. Yakipata moto yanachemka, unabaki kubana povu."

Kangero akaleta chupa ya baba, imebaki nusu.

"Hiyo iliyokaa wazi tangu masika? Imekunywa ukungu kuliko sisi tulivyokunywa chai!" Namsi akashuka mjini kwa miguu, akarudi kesho yake na chupa ambayo haijafunguliwa.

Kinati cha kutolea hewa, kule chini gurudumuni, kilikuwa kimeganda kwa kutu. Mwenye pupa angekikata, na breki yote ingekuwa chuma chakavu. Kangero alikidondoshea mafuta ya kulegeza kutu na kukigonga taratibu, siku tatu.

"Kaka, unakitengeneza au unakiposa?" Mrindoko akamchokoza.

"Nakiposa. Mahari yake ni wewe kunyamaza."

Siku ya nne kikazunguka.

Ikabaki kuyatoa mafuta machafu. Namsi akajaza kikopo, Mrindoko akabana breki, Kangero akalegeza kinati. Yakatoka meusi, na mapovu.

"Usiachie kabla sijafunga!" Kangero akaonya. "Hewa itarudi ndani!"

Hapo hapo siafu wakampanda Mrindoko miguuni. Machozi yakamtoka, mkono haukulegea.

"Funga basi, wananimaliza!"

"Haya, achia."

Akajipangusa, wakarudia na kurudia mpaka yakatoka safi.

Nakundwa hakutaka dereva. Alifunga gunia la tangawizi nyuma, akateremka mwenyewe. Kwenye kona ya chini, ng'ombe wamejaa njia nzima. Akabana. Pikipiki ikatulia, pua ya fahali ikiinusa taa.

Aliporudi, watatu walikuwa sebuleni.

"Bila mimi mngejaza ukungu," akasema Namsi.

"Bila mimi mngevunja kinati."

Mrindoko alinyoosha tu miguu yake iliyovimba.

Nakundwa aliwatazama mmoja mmoja. Akimpa mmoja, anawadhulumu wawili. Asipompa yeyote, amelivunja neno la marehemu.

Je, wewe ungempa nani? Na usiniambie wagawane: usukani ni mmoja.

Nakundwa aliweka ufunguo mezani. "Nakwenda kuosha tangawizi. Nikirudi nimkute mmoja ameushika, na wawili hawajanuna."

Akatoka, akafunga mlango.