Sahani za Bi Kihongwe

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma sijawasikia, au pilau ya Idi imewaziba midomo? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tunaelewana.

Hapo zamani za kale paliondokea punda, jina lake Bi Kihongwe. Alikuwa na kibanda cha makuti mwisho wa mji, na humo alimpokea kila mnyama asiye na kwao. Alimpokea Mzee Koko, mbwa aliyefukuzwa siku jino lake la mwisho lilipong'oka. Alimpokea Kishingo, kuku aliyezaliwa shingo tupu bila unyoya, wenzake wakamkataa kwa kuona haya. Akampokea na Kinyau, paka mdogo aliyeokotwa jalalani, ambaye kazi yake duniani ilikuwa kulala.

Bi Kihongwe alikuwa na moyo mzuri, ila donda lake lilikuwa moja. Tangu utotoni, kila alikopita alisikia watu wakisema: asante ya punda ni mateke. Walisema sokoni, walisema kisimani, na hata wakimsema mtu mwingine, yeye alijua ni yeye. Akajiapiza kwamba hakuna atakayemtendea wema akaondoka hivi hivi.

Ikafika Idi. Desturi ya mji ule mnaijua, maana ndiyo yenu. Siku ya Idi jirani humpelekea jirani sahani, imefunikwa kawa. Na sahani hairudi tupu. Ukirudisha sahani tupu utasemwa mpaka Idi nyingine, na mama yako atasemwa pia.

Miaka yote hakuna aliyekikumbuka kile kibanda. Mwaka huo, sijui waliota nini, mji mzima ukaingiwa na huruma. Hodi, hodi, hodi.

Tumbili akaleta sahani ya maganda ya ndizi, kayapanga duara, yanapendeza. Fisi akaleta mfupa, kautafuna yeye kwanza mpaka ukawa uji. Bata akaleta sahani ya maji. Maji yalimwagika njiani, kwa hiyo akaleta sahani. Mama Tembo akaja na sinia la majani, kubwa kama uwanja, akaliweka chini, akajiendea zake.

"Idi njema, tumewakumbuka," wakasema wengine watatu. Kisha wakasimama mlangoni, kila mmoja anaitazama sahani yake.

Bi Kihongwe akaingia ndani. Ndani mna nini? Hamna kitu.

"Warudishie tupu," akasema Mzee Koko. "Wataelewa."

"Wataelewa nini, mzee wangu? Watasema asante ya punda ni mateke."

Akauchukua mkeka wa Mzee Koko, akaukunja, akautia kwenye sahani ya Tumbili. Kiota cha Kishingo kikaenda kwa Fisi. Chungu kikaenda kwa Bata. Wakaondoka wanacheka, wanaambiana, kumbe kule kuna mali.

Idi pili, hodi, hodi. Maganda, mfupa, sahani. Bi Kihongwe akaupasua mlango, pasu, pasu, akagawa vipande. Siku ya tatu ya Idi, hodi tena. Akapanda juu, akachomoa makuti, kra, kra, kra.

"Bi Kihongwe," akauliza Kishingo, "paa letu liko wapi?"

"Liko kwa Fisi."

"Na ukuta?"

"Wa huku uko kwa Bata. Wa kule uko kwa Tumbili. Usiulize maswali, mwanangu, sikukuu hii."

Vikabaki viguzo, na juu mbingu. Na mbingu ikaanza kunguruma, ngururu, ngururu. Kinyau akatetemeka usingizini. Hapo Bi Kihongwe akalia, jamani, akalia kweli. "Nimewavunjia nyumba wanangu," akasema, "kwa kuogopa maneno."

Hodi. Ni Tumbili na sahani yake.

Punda yule, kichwa chake mnakijua, akafuta machozi, akaenda kung'oa kiguzo. Huku nyuma Kinyau akaiona sahani. Ni ya mviringo, ina joto la mkono. Akaingia, akajikunja, akalala. Tumbili akaiona imejaa, akafunika kawa, huyo akaenda.

Bi Kihongwe kugeuka, mtoto hayupo. Akakimbia, pata pata pata, mvua inamfuata, mpaka kwa Tumbili. Akachungulia. Kinyau yuko katikati ya watoto wa Tumbili, mkavu, anakoroma.

"Nimekuja kumchukua mwanangu," akasema.

"Cha kwenye sahani hakirudi," akajibu Tumbili. "Unataka watu wanisemeje?"

Bi Kihongwe akasimama pale mvuani, akafikiri. Kisha akarudi mbio.

Fisi alipoleta sahani yake, kugeuka akaikuta ina Mzee Koko, kakaa wima, kawa kichwani. Akambeba. Na tangu siku hiyo mzee asiye na meno anakula mfupa uliotafunwa tayari, sasa atake nini tena? Kishingo akaenda kwenye sahani ya Bata, akawekwa chini ya bawa. Chini ya bawa nani anaitazama shingo?

Bi Kihongwe akabaki peke yake kati ya viguzo, maji yanamchuruzika masikioni. Akaja Mama Tembo.

"Nimefuata sinia langu, mwenzangu."

Bi Kihongwe akatazama kulia, akatazama kushoto. "Lichukue tupu," akasema. "Sina. Wacha waseme."

"Nani kakuambia nataka kitu?" akasema Mama Tembo. "Panda."

Akapanda siniani, miguu inaning'inia nje. Mama Tembo akamfunika kwa sikio lake moja, ndiyo kawa hiyo, akamnyanyua. Wakapita mji mzima hivyo, kuelekea kwa Mama Tembo, watu wamejaa milangoni. Na Bi Kihongwe, furaha ilipomzidi, akarusha teke moja, sinia likalia ngaaa. Likasikika mpaka ng'ambo.

Na watu wote wakajua ni asante.

Basi, wakubwa na wadogo, asiye na kwao msimkumbuke kwa sahani ya sikukuu tu. Mpeni pa kukaa. Na ukishampa mtu, ondoka mlangoni, usingoje.

Hadithi yangu imeishia hapo. Sahani ni yangu, nirudishieni hata tupu.